Mwezi wa Sheria na Msimu wa Shamba: Mshahara, Mafao na Kodi katika Kilosa na Mikumi

Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, imekusanya ndani ya mipaka yake aina za ajira ambazo kwa kawaida hukaa mbalimbali. Kuna mashamba ya mkonge ya ukanda wa Kimamba na Rudewa, yaliyofuata reli ya kati tangu enzi za Wajerumani. Kuna miwa ya Ruembe, upande wa kaskazini wa Mto Ruaha Mkuu, pamoja na kiwanda cha sukari kinachoisaga. Na kuna mji wa Mikumi, ulioota kando ya barabara kuu iendayo Zambia na pembeni mwa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, wenye hoteli za watalii, nyumba za wageni na migahawa ya madereva wa malori. Hivi karibuni ziliongezeka kazi za ujenzi wa reli ya kisasa, ambayo kipande chake cha kilomita 422 kutoka Morogoro hadi Makutupora kimepenya milima ya Kilosa kwa mahandaki. Waajiri wote hawa wanatawaliwa na sheria zilezile za kazi na kodi, lakini sheria hizo zinamlenga zaidi mfanyakazi wa aina moja: yule anayelipwa kwa mwezi, mwaka mzima, na mwajiri mmoja anayejulikana. Uchambuzi huu unaangalia yanayompata mfanyakazi asiye wa namna hiyo, na unashikilia kwamba hasara yake kubwa haitokani na kodi, wala na kiwango cha mshahara peke yake, ila inatokana na namna siku zake za kazi zinavyohesabiwa na jina la anayezihesabu.

Tatizo la hesabu ya siku ni la zamani kuliko sheria za sasa. Katika mashamba ya mkonge ya wakati wa ukoloni, kazi ilipimwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 ambazo mnyapara alizijaza moja moja kila siku mfanyakazi alipomaliza kazi aliyopangiwa, na mshahara ulitolewa kadi ilipojaa, hata kama kuijaza kulichukua zaidi ya mwezi mmoja wa kalenda. Siku ya mvua, ya ugonjwa au ya kazi iliyokataliwa na mnyapara haikuwa na thamani. Kodi nayo ilikuwa sehemu ya mpango huo, kwa kuwa kodi ya kibanda iliyowekwa na Wajerumani mwaka 1897, na baadaye kodi ya kichwa chini ya Waingereza, zilidaiwa kwa fedha taslimu, na kwa watu wengi wa bara fedha hiyo ilipatikana mashambani tu. Ndiyo maana manamba, kama walivyoitwa vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali, walikuwa walipakodi kabla hawajawa wafanyakazi wenye haki yoyote ya maana.

Uhuru uligeuza mwelekeo huo kwa haraka. Sheria ya mwaka 1962 iliweka kiinua mgongo kwa mfanyakazi anayeachishwa, na mwaka 1964 ulileta sheria ya kulinda ajira pamoja na Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao mwaka 1997 uligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa mrithi wa kodi ya kichwa kwa mtu mzima wa kijijini, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi, ambazo ndizo msingi wa yote yanayofuata hapa, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Kodi ya Mapato inayotumika hadi leo baada ya marekebisho mengi.

Katika sheria hizi dhana ya kwanza ya kuelewa ni mshahara wa msingi, yaani sehemu ya malipo inayolipwa kwa kazi iliyofanywa ndani ya saa za kawaida, bila kuhesabu posho, malipo ya saa za ziada, wala nyongeza za usiku, siku ya mapumziko na sikukuu. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku na siku 6 kwa wiki. Saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na saa hizo hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne; kazi ya usiku inaongezewa asilimia 5 kwa kila saa; kazi ya siku ya mapumziko ya wiki au ya sikukuu inalipwa mara mbili. Mshahara wa msingi ndio kipimo cha nyongeza hizo zote, na pia cha malipo ya likizo na kiinua mgongo, na kwa sababu hiyo mwajiri anayetaka kupunguza gharama bila kushusha jumla ya malipo hana haja ya kuvunja kifungu chochote waziwazi: anaweka mshahara wa msingi mdogo na kujazia kwa posho ya nyumba, ya chakula na ya usafiri. Mfanyakazi anaona jumla ileile mwisho wa mwezi, na anakuja kugundua tofauti siku anapoachishwa.

Kima cha chini cha mshahara kinatangazwa kisekta kwa Amri ya Mshahara. Amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 iliweka kima cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, kutoka 100,000 za amri ya mwaka 2013. Mwezi wa kisheria una wiki 4.333, kwa hiyo saa 45 za wiki zinakuwa saa 195 kwa mwezi, na saa moja ya palizi au ya kukata mkonge ikawa na thamani ya shilingi 718 hivi. Saa ya ziada kwa kiwango hicho ni shilingi 1,077, na aliyefanya saa zote 50 zinazoruhusiwa katika wiki nne alistahili kuongezewa shilingi 53,850, kiasi kinachozidi theluthi ya mshahara wenyewe. Hapo ndipo panapoonekana kwa nini ubishi wa mashambani unahusu zaidi orodha ya mahudhurio kuliko kiwango cha mshahara, kwa kuwa kiwango kimechapishwa katika Gazeti la Serikali na kila mtu anaweza kukisoma, wakati saa zimeandikwa katika daftari ambalo mfanyakazi halishiki. Amri mpya iliyoanza tarehe 1 Januari 2026 ilitangazwa kuwa imepandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Wastani huo haufai kusomwa kama mshahara wa mtu yeyote wa Kilosa, maana unachanganya sekta kama madini na fedha na sekta za kilimo na kazi za majumbani, ambazo ndizo za chini kabisa katika jedwali.

Mkata miwa na mkata mkonge, hata hivyo, hawalipwi kwa saa. Wanalipwa kwa kipimo cha kazi, na hapa sheria ina kanuni ambayo waajiri wengi wadogo hawaitumii: mfanyakazi anayelipwa kwa msingi usio wa muda anachukuliwa kuwa analipwa kwa wiki, na mshahara wake wa msingi unapatikana kwa kuchukua wastani wa alichopata katika wiki 13 zilizopita, au katika muda alioufanyia kazi ikiwa haujafika wiki hizo. Kwa hiyo malipo ya kipimo hayamtoi mtu nje ya kima cha chini, wala nje ya nyongeza ya sikukuu. Fikra kwamba mtu wa kipande "hana saa" na hivyo hana haki zinazotokana na saa ni mabaki ya kadi ya nafasi 30, wala haina mguu wa kusimamia katika sheria ya sasa.

Upande wa kodi unaweza kuelezwa kwa ufupi zaidi, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya wafanyakazi wa eneo hili kodi ya ajira, inayoitwa Lipa Kadiri Unavyopata, ama ni sifuri ama ni ndogo. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 Tanzania Bara, kipato cha hadi shilingi 270,000 kwa mwezi hakitozwi. Sehemu inayozidi hapo hadi 520,000 inatozwa asilimia 8. Kutoka 520,000 hadi 760,000 asilimia 20. Kutoka 760,000 hadi 1,000,000 asilimia 25. Na inayozidi milioni moja asilimia 30. Mchango wa mfanyakazi katika mfuko wa hifadhi ya jamii unaondolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Mhudumu wa hoteli ya Mikumi mwenye shilingi 350,000 anakatwa 35,000 za NSSF, kinabaki kipato cha kutozwa kodi cha 315,000, na kodi yake ni shilingi 3,600 tu. Fundi wa kiwandani mwenye 900,000 anakatwa 90,000 za mfuko, kisha kodi ya 80,500 kwa kipato cha 810,000, na anarudi nyumbani na 729,500. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha kodi hiyo kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya siku 7 za mwezi unaofuata.

Mafao yasiyo ya fedha nayo yanaweza kuwa kipato. Nyumba aliyopewa meneja wa shamba inahesabiwa thamani na kuongezwa kwenye kipato chake, ambapo sheria inalinganisha kodi ya pango ya soko na asilimia 15 ya kipato chake cha mwaka au gharama iliyodaiwa na mwajiri. Chakula cha mgahawa wa kazini na matibabu yanayotolewa kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi hayatozwi. Kuna pia kifungu kinachosamehe nauli ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne, ikiwa makazi yake yako zaidi ya maili 20 kutoka mahali pa kazi na aliajiriwa kwa ajili ya kazi ya mahali hapo tu, msamaha unaolingana kabisa na historia ya watu waliotoka Iringa na Njombe kuja mashamba ya miwa, ingawa wanaofaidika nao kwa kawaida ni wenye vyeo.

Mwajiri ana mizigo yake mwenyewe ambayo haruhusiwi kuihamishia kwa mfanyakazi. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaolipa matibabu na fidia kwa anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, ni asilimia 0.5 ya malipo kwa sekta binafsi tangu mwaka 2022, baada ya kushushwa kutoka 1 na baadaye 0.6. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na ndani yake kuna mpaka unaopita katikati ya shamba lenyewe: wafanyakazi wanaoshughulika moja kwa moja na kilimo pekee wamesamehewa, lakini walio katika uongozi wa shamba au katika usindikaji wa mazao hawakusamehewa. Aliye katika mashine ya kusaga miwa au katika korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, ana tozo juu ya mshahara wake. Mwenzake aliye shambani umbali wa mita mia chache hana. Msamaha huo unapunguza gharama ya kuajiri watu wa shambani, na mtu anaweza kuuliza kama haufanyi pia shamba liwe mahali ambapo hakuna anayefundishwa ufundi wowote.

Swali gumu zaidi ni la nani mwajiri. Sehemu ya miwa inayosagwa Ruembe inalimwa na wakulima wa nje, yaani wenye mashamba yao wanaouza miwa kiwandani, na ukataji wake hupangwa kupitia vyama vya ushirika vya msingi au wakandarasi. Mkata miwa anayepokea fedha kutoka kwa mkandarasi, aliyelipwa na chama, kilicholipwa kwa miwa ya mkulima iliyopokelewa na kiwanda, ana sababu ya kutojua aende kwa nani anapokatwa na panga. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinajibu kwa dhana: mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yaliyotajwa, kama vile namna anavyofanya kazi au saa zake kuongozwa na mwingine, kuwa sehemu ya shughuli za taasisi, kuwa amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea kiuchumi, kupewa naye vifaa, au kutomfanyia kazi mtu mwingine. Kwa mkata miwa anayepangiwa mstari na kusimamiwa na mnyapara, dhana hiyo ni rahisi kuthibitisha. Inamtambua kama mwajiriwa. Jina la mwajiri kati ya hao wanne ndilo linalobaki kuwa la ubishi.

Kumwita mfanyakazi wa namna hii mtoa huduma kuna athari ya kikodi ambayo haisemwi vya kutosha. Malipo ya huduma kwa mkazi yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 ya malipo yenyewe, kuanzia shilingi ya kwanza. Kwa hiyo mtu wa shilingi 200,000 ambaye kama mwajiriwa asingekatwa kodi hata senti, kama mtoa huduma anaweza kukatwa 10,000, na wakati huohuo hana mchango wa mwajiri katika NSSF, hana Mfuko wa Fidia, hana likizo. Kinadharia kodi hiyo inaweza kudaiwa irudishwe kwa kuwasilisha ritani. Kwa vibarua wa Ruembe au waongoza wageni wa msimu wa Mikumi, ritani ni neno la ofisini. Watu wanaolalamika kwamba kodi inawaumiza wafanyakazi wadogo wako sahihi mahali hapa hasa, wala hawako sahihi wanapoilaumu Lipa Kadiri Unavyopata.

Hifadhi ya jamii ndiyo inayoonyesha pengo kwa uwazi zaidi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi hadi nusu yake. Katika Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, mfanyakazi anakatwa 5 na mwajiri anatoa 15. Ndiyo kusema mtumishi wa umma anayeilinda Hifadhi ya Mikumi na mpishi wa kambi ya watalii iliyo ndani ya hifadhi hiyohiyo wanachangiwa asilimia ileile, lakini mmoja anabeba robo ya mchango na mwingine nusu. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na hilo limepanua zaidi umbali uliokuwapo.

Kwa mtu wa msimu tatizo liko mbali zaidi ya asilimia. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Mfanyakazi wa kudumu anaifikisha kwa miaka 15. Anayefanya kazi miezi minane kila mwaka anahitaji misimu 22 na nusu, na hiyo ni kama kila mwajiri aliyempitia aliwasilisha michango yake. Zamani aliyetoka kazini aliweza kuchukua akiba yake yote kwa fao la kujitoa, na watu wa mashambani walilitumia kama mtaji wa kurudi nalo kwao. Mabadiliko ya mwaka 2018 yaliweka badala yake fao la kupoteza ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Nia ya kuzuia watu kula uzee wao mapema inaeleweka. Kwa mwenye msimu wa miezi minane, hata hivyo, miezi 18 inatimia katika msimu wa tatu, na pensheni ambayo fao la kujitoa lilitolewa kafara kwa ajili yake huenda asiifikie kamwe. Mfuko wenye pensheni inayohesabiwa kwa misimu haujaundwa, na haionekani kwamba umefikiriwa kwa uzito.

Katika likizo, kinyume chake, mtunga sheria aliukumbuka msimu. Kanuni ya jumla ni kwamba aliye chini ya miezi sita kazini hana likizo yenye malipo, lakini Sheria ya Ajira inasema wazi kwamba mfanyakazi wa msimu anayo, na kwamba aliyeajiriwa zaidi ya mara moja na mwajiri yuleyule ndani ya mwaka anahesabiwa vipindi vyote pamoja vikizidi miezi sita. Likizo ya mwaka ni siku 28, na ya uzazi siku 84, au 100 kwa watoto zaidi ya mmoja. Mantiki hiyo ya kujumlisha vipindi haikuendelezwa kwenye kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, kwa aliyetimiza miezi 12 mfululizo. Kwa kima cha zamani cha 140,000, siku 7 ni kama shilingi 37,700, na miaka 10 kamili haifiki 380,000. Si fedha nyingi. Aliyefanya misimu kumi hapati hata hizo, kama kila msimu unahesabiwa kuwa ajira mpya.

Haki ya kusafirishwa hadi mahali alipoajiriwa, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku za kusubiri usafiri, kwa mtu wa mbali inaweza kuzidi kiinua mgongo chenyewe. Inategemea neno moja katika maelezo ya maandishi ambayo mwajiri anapaswa kumpa kila mfanyakazi: mahali pa kuajiriwa. Aliyefuatwa kijijini kwake mkoani Njombe na kuandikwa huko ana nauli. Aliyekuja kwa basi na kuandikwa getini Ruembe hana. Maelezo hayo pia yanapaswa kuonyesha kazi, saa, malipo na namna yanavyokokotolewa, na yatunzwe kwa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Mwajiri akishindwa kuyaleta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Hiki ndicho chombo chenye nguvu kuliko vyote alichonacho kibarua asiye na karatasi, lakini kukitumia kunataka mtu afungue shauri ndani ya siku 30 kama ameachishwa, au 60 kwa madai mengine, na Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Mikumi, nauli ambayo mtu aliyepoteza kazi anaifikiria mara mbili.

Makato mengine yana mipaka iliyo wazi. Hasara au uharibifu kazini unakatwa tu kama ulitokea kwa kosa la mfanyakazi, baada ya kuelezwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujitetea, na makato hayazidi robo ya malipo yake. Mhudumu wa baa anayekatwa mshahara mzima kwa sababu ya mteja aliyekimbia bila kulipa ana dai safi kabisa. Sheria inakataza pia kumtaka mfanyakazi akiri kupokea kiasi kikubwa kuliko alichopewa. Aliyeona vitabu viwili vya malipo, kimoja cha mkaguzi na kingine cha kweli, anajua kwa nini katazo hilo liliandikwa.

Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza mwaka 2025 yamegusa kiini cha suala hili. Awali mkataba wa muda maalumu uliruhusiwa kwa wataalamu na viongozi tu, na wengine walitakiwa wawe na mkataba usio na ukomo au wa kazi mahususi, hivyo mkataba wa msimu wa mkata miwa ulikuwa umekaa mahali pasipo na uhakika. Sasa kazi za msimu zimetajwa miongoni mwa zinazoruhusiwa kuwa na mkataba wa muda maalumu. Mfanyakazi anapata karatasi yenye jina la mwajiri, tarehe na kiwango, na hilo linamsaidia katika dhana ya uajiriwa, katika Mfuko wa Fidia na katika michango. Kwa upande mwingine, mkataba unaokwisha kwa tarehe yake hauhesabiwi kirahisi kuwa ni kuachishwa kazi, na kiinua mgongo kimefungwa na kuachishwa. Vyama vya wafanyakazi, TPAWU kwa mashamba na CHODAWU kwa hoteli, vina njia ya kuliziba pengo hilo bila kusubiri Bunge, kwa kuandika ndani ya mkataba wa hali bora kwamba aliyefanya kazi msimu uliopita ataitwa kwanza msimu unaofuata na kwamba misimu yake itajumlishwa katika kukokotoa kiinua mgongo. Kifungu cha namna hiyo kitamfunga mwajiri aliyetia saini. Hakitamfikia mkandarasi wa ukataji asiye na mkataba huo, mpaka vyama vya wakulima wa nje na kiwanda wakubali kuuweka kama sharti la kupewa kazi.